Nusu Gan na Leung Nane

Wazee wetu wa pwani walipima vitu kwa ratli, na ratli moja ilikuwa wakia 16. Basi mtu akisema, "Huyu ana nusu ratli, yule ana wakia nane," kila mwenye duka alijua ya kuwa uzito ni mmoja, ila majina ni mawili. Wachina nao wana usemi wa namna hiyo. Katika Kikantoni, lugha ya Guangdong na Hong Kong, hutamkwa *bun gan baat leung*, maana yake, "nusu gan, leung nane."

Asili yake ni mizani. Dola ya Qin ilipoiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo, ilieneza vipimo vyake nchini kote, na gan moja ilikuwa leung 16. Usemi wenyewe twaukuta katika maandishi ya Wabuddha wa zama za Song (960–1279).

Matumizi yake yataka hadhari. Husemwa juu ya washindani wasiozidiana, lakini mara nyingi ni katika upungufu. Ndugu wawili wakishutumiana uvivu, mama yao aweza kuwanyamazisha kwa maneno hayo: hakuna wa kumcheka mwenziwe. Kwa hiyo mwalimu atakaye kuwasifu wanafunzi wawili hodari asiutumie, asije akawatukana. Sifa ina usemi wake, *kei fung dik sau*, yaani, mcheza sataranji amekutana na wa kiasi chake. Wala tusiufasiri kwa methali yetu, "Pwagu hupata pwaguzi," maana pwaguzi humshinda pwagu, na hapa hakuna mshindi.

Mwaka 1959 serikali ya China bara iligeuza kipimo: gan ya gramu 500 ikawa leung 10. Tangu hapo, kwa mizani ya sokoni, nusu gan ni leung tano, na nane yazidi. Hong Kong walibaki na leung 16, gan yao ikiwa gramu 605 hivi. Walakini usemi haukugeuka huko wala huku.

Nasi watoto wetu husema, "Haba na haba hujaza kibaba," na wengi wao hawajakiona kibaba. Yatupasa tuwaonyeshe, maana kipimo kikisahauliwa, methali hubaki sauti tupu.