Wazigua wa Mto Juba

Katikati ya miaka ya 1830 mvua zilikosekana Uzigua, nchi inayoanzia nyuma ya Pangani na Saadani na kupanda hadi Handeni na Kilindi. Mtama ulikauka, ghala zikabaki tupu, na watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Pwani chakula kilikuwapo, ila kwa bei yake. Wapo waliojiweka rehani, au kuweka rehani watoto wao, kwa vibaba vya nafaka, wakitumaini kujikomboa mvua zikirudi. Wapo pia walioahidiwa kazi na shibe ng'ambo, wakapanda majahazi kwa miguu yao wenyewe. Katika simulizi za wajukuu wao hili la ahadi ndilo linalorudiwa zaidi: kwamba wazee wao hawakutekwa vitani, walilaghaiwa.

Majahazi yaliondoka na kusi, upepo unaosukuma vyombo kwenda kaskazini, yakawashusha Barawa, Marka na Mogadishu. Kutoka Tanga hadi Barawa ni zaidi ya kilomita 800. Wakati huo Seyyid Said alikuwa akihamishia makao yake Zanzibar, na biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa imechangamka. Nyuma ya miji hiyo ya pwani ya Banadiri, kandokando ya mto Shebelle, wenye mali wa Kisomali walikuwa wakifungua mashamba mapya ya nafaka, pamba na ufuta wa kusafirishwa Arabuni. Mashamba yalitaka mikono, na mfugaji wa ngamia hakuona fahari kushika jembe. Waliokuja kutafuta chakula ndio wakawekwa kukilima, wakiwa watumwa.

Hawakukaa sana. Kabla kizazi cha kwanza hakijazeeka, kundi la Wazigua lilitoroka mashambani na kushika njia ya kusini. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke, Wanankhucha, mganga na mwonaji ambaye jina lake lingali likitajwa na wazao wao hadi leo. Nia ilikuwa kurudi Uzigua kwa miguu. Walivuka nyika kavu, wakiwa na watu nyuma wanaowatafuta na wasijue yaliyo mbele yao, hadi wakafika mto Juba sehemu za chini, mahali palipofunikwa na msitu mnene.

Hapo safari ikaishia. Simulizi zinasema ardhi ilitetemeka, na Wanankhucha akaisoma ile kuwa ishara ya kutoendelea. Inawezekana ilitetemeka kweli, sina sababu ya kubisha. Lakini hata bila tetemeko, kiongozi mwenye macho angeweza kusimamisha watu pale. Kusini kulikuwa na Waoromo, ambao hawakuwa na haja ya wageni wapitao na watoto na vyungu. Hapa palikuwa na maji mwaka mzima, udongo mweusi ulioachwa na mafuriko, na juu ya yote palikuwa na mbung'o. Mbung'o huua ng'ombe, na mwenye ng'ombe hapeleki mifugo yake penye mbung'o. Mdudu huyo, ambaye kwingine Afrika ni balaa, kwao alikuwa boma.

Hata hivyo, msitu ulikuwa na wenyewe. Waboni, wawindaji wa mishale, walikuwa wakiishi humo, na mwanzoni Wazigua walikaa chini yao, wakitoa sehemu ya mavuno kama mgeni anayejua nafasi yake. Baadaye idadi yao ilipoongezeka walikataa kutoa, wakapigana, wakashinda. Ni sura ambayo wasimulizi hawaifichi wala hawaitolei udhuru, na ni vizuri ibaki hivyo, maana historia za wakimbizi zina tabia ya kumfanya mkimbizi kuwa mtu asiyeweza kumdhulumu mwingine.

Habari za msitu ulio huru zilienea. Watoro kutoka Shebelle wakazidi kumiminika: Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine ambao mnada uliwatoa mbali zaidi kuliko Wazigua. Kila kundi lilifungua kijiji chake upande wa juu wa mto. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hiyo, iliyojulikana kama Gosha, ilikuwa na mtawala mwenye jina, Nassib Bundo, mtu wa asili ya Kiyao, aliyejiita sultani, akafanya mashauri na Zanzibar na Wazungu, na mwanzoni mwa karne ya 20 akafia mikononi mwa Waitaliano. Vijiji vya juu ya mto viliacha lugha zao pole pole, vikachukua Kisomali na kujiunga na koo za Kisomali ili kupata ulinzi. Vijiji vya chini, vya Wazigua, vilishikilia Kizigua. Wanawake ndio waliokuwa hazina ya mambo hayo: koo zilihesabiwa kwa upande wa mama, na ngoma za unyago ziliendelea na nyimbo zake hata baada ya watu wote kuwa Waislamu.

Ukoloni nitaupita haraka. Waitaliano walifuta utumwa kwa sheria, kisha wakahitaji vibarua wa mashamba yao ya pamba na ndizi, na waliokamatwa kwa nguvu kupelekwa huko walikuwa hao hao wajukuu wa watumwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 wakawa raia wa Somalia kwa karatasi, na mitaani wakaendelea kuitwa kwa nywele zao: jareer, wenye nywele ngumu. Mwaka 1975 serikali ya Siad Barre ilitunga sheria iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Mwenye kutaka shamba alipaswa kulisajili, na kusajili kulihitaji fedha na mtu wa kumjua ofisini. Katika miaka ya 1980 wakubwa wa Mogadishu walikuwa wakijiandikishia bonde la Juba, na mkulima ambaye babu yake alifyeka msitu ule kwa shoka akajikuta mvamizi shambani kwake.

Januari 1991 serikali hiyo ikaanguka. Wanamgambo wa koo zilizokuwa zikipigana walihitaji chakula, na chakula kilikuwa kwa wakulima wa mtoni, ambao hawakuwa na bunduki wala ukoo wenye bunduki wa kuwalipia kisasi. Walipora maghala, wakarudi kupora mbegu, wakarudi tena kutafuta waliyodhani yamefichwa. Walionusurika walitembea hadi mpaka wa Kenya, wakaingia katika kambi za Dadaab. Wengine walipanda vyombo vya baharini hadi Mombasa, na baadhi yao wakaendelea kusini.

Hao waliofika Tanzania walipokelewa Mkuyu, wilayani Handeni, katikati ya nchi ya mababu zao. Walivaa kama Wasomali na kutaja miji ambayo hakuna mwenyeji wa pale aliyepata kuisikia. Kisha walifungua vinywa, na kilichotoka kilikuwa Kizigua, chenye maneno ambayo vijana wa Handeni waliyasikia kwa bibi zao tu. Miaka 150 ilikuwa imepita.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba kiliishia hapo, kwa vigelegele. Hakikuishia hapo. Kizigua kiliwapatia ndugu, hakikuwapatia shamba. Mbele ya sheria walikuwa wakimbizi kama wengine wote, watu wa kambini, wenye mgao na mipaka ya kutembea. Mwenyeji anaweza kumkumbatia jamaa aliyepotea karne na nusu, lakini eneo la kulima ni jambo la kukaa na kijiji na serikali. Mwaka 2003 walihamishiwa Chogo, makazi yaliyotengwa kwa ajili yao humo humo Handeni, wakapewa ardhi, na katika miaka iliyofuata uraia ukaanza kutolewa kwa mafungu. Walikuwa kama watu 3,000.

Wenzao waliobaki Dadaab walikuwa wengi zaidi, na hawakulala vizuri. Waliishi pembezoni mwa kambi, penye majambazi, na walioshika foleni mbele yao walikuwa watu wa koo zile zile zilizowafukuza. Wazee wao walifanya jambo la busara: waliomba kwa majina ya mababu. Waliiomba Tanzania iwapokee wote, na Tanzania ya wakati huo ilikuwa imeelemewa. Mwishoni mwa Aprili 1994 peke yake watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24. Waliiomba Msumbiji, kwa kuwa wengi wa vijiji vya juu ya mto walikuwa na asili ya huko. Msumbiji ilikubali kwanza, kisha ikajihesabu, nchi iliyotoka vitani na kurudisha watu wake zaidi ya milioni moja na nusu, ikaona haina uwezo.

Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea watu wapatao 12,000. Sijui kama mzee yeyote aliyeandika barua kwenda Tanzania aliwahi kuiota Marekani. Kwanza walihamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma, upande mwingine wa Kenya, ili wahojiwe mahali penye usalama. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalizidisha uchunguzi na kuchelewesha kila kitu. Huko Kakuma waliwekwa darasani. Walifundishwa kufunga mkanda wa ndege, kuwasha jiko la umeme, kutumia choo cha kuvuta maji, kupanda ngazi za ghorofa. Walioneshwa barafu. Wasiojua tarehe ya kuzaliwa, na hao walikuwa wengi, waliandikiwa Januari 1, kiasi kwamba familia nzima ya watu wanane ingeweza kuwa na siku moja ya kuzaliwa. Nauli ya ndege haikuwa zawadi: kila familia ilitia saini kuirudisha kidogo kidogo, hivyo mgeni alitua akiwa na deni kabla hajawa na kitanda.

Magazeti ya Marekani yalipenda sana habari za choo na jiko. Yaliandika juu ya watu kutoka enzi za kale, kana kwamba kizazi kilichovuka vita, jangwa na foleni za ofisi za wakimbizi kwa miaka kumi kingeshindwa na swichi ya taa. Shida ya kweli ilikuwa kodi ya nyumba. Msaada wa fedha ulikuwa wa miezi minane, na baada ya hapo mtu mwenye watoto sita, asiyejua kusoma lugha yoyote, alitakiwa ajitegemee. Kabla hata hawajafika, Halmashauri ya mji wa Holyoke, Massachusetts, ilipitisha azimio la kuomba wasipelekwe kwake.

Wengi waliwasili mwaka 2004, wakatawanywa katika miji ipatayo 50. Hawakukaa walipowekwa. Simu zilipigwa, habari zikapita za wapi nyumba ni nafuu na wapi pana jamaa, na familia zikaanza kuhama zenyewe. Baadhi yao waliishia Lewiston, jimbo la Maine, mji wa watu wapatao 36,000, baridi ya kuganda miezi mingi, viwanda vya nguo vilivyofungwa na majengo yenye vyumba vitupu.

Wasomali wengine walikuwa wamewatangulia tangu 2001. Oktoba 2002 meya wa mji alitoa barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja, maana mji umeelemewa. Barua ile ilivutia kundi la wabaguzi wa rangi kutoka nje, wakaitisha mkutano Januari 2003. Walihudhuria watu kama thelathini. Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya mji, maelfu ya wakazi walikusanyika kuwaunga mkono wageni. Ieleweke kwamba wazee wa Lewiston wenyewe ni wajukuu wa Wakanada wa Kifaransa walioletwa na viwanda katika karne ya 19, na kwamba mwaka 1919 jimbo hilo lilipiga marufuku Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Wapo waliokumbuka hayo wakalainika. Wapo waliokumbuka hayo hayo wakasema: sisi hatukupewa msaada.

Mwanaanthropolojia Catherine Besteman alikuwa amekaa katika kijiji cha Banta, bonde la Juba, mwaka 1987 na 1988. Vita vilipoanza alipoteza habari za wenyeji wake. Karibu miaka ishirini baadaye, akifundisha chuo kilicho mwendo wa saa moja hivi kutoka Lewiston, aligundua kwamba baadhi yao wanaishi pale. Picha za kijijini zikatolewa makabatini. Vijana waliokulia kambini waliona kwa mara ya kwanza sura za jamaa zao waliouawa au kufa kwa njaa, wakiwa wamesimama mbele ya mahindi yaliyowazidi kimo.

Mahindi ndiyo waliyoyarudia. Wanawake walianza na viploti vya kuazima pembezoni mwa mji, wakibishana na msimu ambao hautoi hata miezi mitano isiyo na jalidi. Baadaye chama cha jumuiya yao kilianzisha Liberation Farms, ambako wakulima hugawana kazi na mavuno kwa vikundi, kwa utaratibu wa ushirika waliotoka nao mtoni. Hulima mahindi ya punje ngumu, yanayosagwa unga wa ugali, maana mahindi matamu ya Wamarekani hayasongeki. Kwa miaka walilima ardhi ya kukodi, wakihamishwa kila mwenye shamba alipobadili mawazo, hadi walipopata eneo la zaidi ya eka 100 huko Wales, kijiji cha jirani, chini ya mpango unaowahakikishia kulilima kwa muda mrefu bila kuondolewa. Hati ya mpango huo imeandikwa kwa jina la Little Jubba.