Jiwe, Kaburi na Ngoma: Mahali Patakatifu Katika Bonde la Mto Tana

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja: je, mahali patakatifu sharti pawe na kuta?

Msafiri auandamaye Mto Tana kutoka Garsen hadi baharini hukutana na Golbanti, walipouawa wamisionari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe Annie mwaka 1886. Jirani yake ni Ngao, ambako misioni ya Neukirchen ilianza kazi mwaka uliofuata. Mbele zaidi, karibu na Kipini, yamo magofu ya msikiti wa Ijumaa wa Ungwana, yaliyochimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950.

Hayo yote ni majengo na makaburi. Mwanahistoria huyaona kwa urahisi. Lakini Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, haikujengewa hekalu. Ilifichwa msituni, na mamlaka ya wazee yaliambatana nayo. Maafisa wa kikoloni waliitwaa, nayo imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, tangu mwaka 1908. Wapokomo wamedai irejeshwe.

Tukipima utakatifu kwa mawe, tutahitimisha kwamba Wapokomo hawakuwa na mahali pa kuzuru kabla ya kuja msikiti na kanisa. Lugha yenyewe yatukosoa: neno “ziara” hutaja mwendo wa mtu, si jengo tu. Basi mtafiti wa Tana na aanze na msamiati wa wenyeji, ndipo ashike kamba ya kupimia kuta.