Barua za Shukrani kutoka Gitega na Muyinga

Mwanafunzi wa historia anayetafuta maandishi ya zamani kuhusu eneo la Gitega na Muyinga, nchini Burundi, hukutana mapema na jambo moja. Kurasa nyingi anazozipata ziliandikwa na wamisionari, na wasomaji waliokusudiwa walikuwa watu waliotoa fedha: mjane wa Lyon, mkulima wa Kansas, mwalimu wa shule ya Jumapili huko London. Zilikuwa barua za kushukuru. Katika makala haya tunapenda kuangalia jinsi wamisionari walivyowashukuru wafadhili wao na kudumisha uhusiano nao, na zaidi tunauliza ni habari za nani zilizotumika kulipa deni hilo.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Asante yetu imetokana na Kiarabu, ahsanta, yaani "umefanya vyema". Warundi husema murakoze, neno linalotokana na kitenzi gukora, kufanya au kufanya kazi. Lugha hizi mbili hukutana kila siku mjini Muyinga na katika mpaka wa Kobero, ambako malori hupita kwenda na kutoka upande wa Ngara, na zote mbili humshukuru mtu kwa kumwambia kwamba ametenda. Mfadhili wa mbali naye alitaka kusikia hilo hilo, kwamba senti yake imetenda jambo. Ili kumthibitishia, ilibidi aonyeshwe mtu.

Utaratibu wa kumwonyesha ulianza zamani kuliko misheni zenyewe za Burundi. Mwaka 1822 ilianzishwa huko Lyon jumuiya ya Kueneza Imani, ambayo mwanzilishi wake mkuu, Pauline Jaricot, alikuwa binti wa mfanyabiashara wa hariri. Kila mwanachama alitoa sou moja kwa wiki, sarafu ndogo kabisa, na wanachama walipangwa makumi makumi. Kila kumi walipata nakala moja ya jarida lenye barua za wamisionari, nayo ikapita mkono hadi mkono. Kwa hiyo jarida lilikuwa risiti. Aliyetoa sou yake alisoma Tonkini au Afrika na kujua fedha imefika. Waprotestanti walikuwa na yao. Chama cha CMS cha Uingereza kilianza kuchapisha Church Missionary Intelligencer mwaka 1849, na miongoni mwa habari zake za mwanzo kabisa ni taarifa ya Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848. Wanajiografia wa Ulaya waligombana kwa miaka mingi juu ya habari iliyowafikia kupitia jarida la wafadhili wa misheni!

Sasa tuje Burundi. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawaita Mapadre Weupe, walijaribu kwanza huko Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa. Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 1898, walianzisha kituo cha Muyaga, upande wa mashariki wa nchi, kusini mwa Muyinga, na mwaka 1899 kile cha Mugera, si mbali na Gitega ya leo. Wakati huo walikuwa chini ya Askofu Gerboin aliyekaa Ushirombo, katika nchi ya Wasumbwa, ambayo leo ni Tanzania. Barua ya Muyaga ilibebwa na wapagazi hadi Ushirombo, kisha Tabora, kisha pwani, halafu melini. Reli haikufika Tabora hadi mwaka 1912, na Kigoma hadi mwaka 1914. Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Kwa padre wa Muyaga nusu hiyo ilichukua miezi mingi kwenda, na mingine kurudi. Aliyeomba msaada wakati wa njaa alijua kwamba jibu lingemkuta msimu mwingine kabisa.

Mapadre hawa waliandika katika ngazi kadhaa, na mwanafunzi asiyezitofautisha atapotea. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliagiza kila kituo kiwe na daftari la kuandikia matukio ya kila siku. Daftari hilo lilikuwa la nyumbani. Baadhi ya yaliyoandikwa humo yalichukuliwa na kuingizwa katika jarida la ndani la shirika, lililosomwa na wenzao. Ngazi ya tatu ilikuwa ya wafadhili: Les Missions Catholiques la Lyon, lililotoka kila wiki tangu 1868, na kwa Wajerumani Afrika-Bote la Trier. Tukio moja lingeweza kupita katika ngazi zote tatu na kubadilika kila mara. Katika daftari mvua imenyesha, katekista amegombana na mkewe, ng'ombe wawili wameibiwa. Katika jarida la wafadhili, ugomvi umetoweka na katekista amekuwa shujaa. Hatusemi kwamba padre aliongopa. Alichagua, kama anavyochagua yeyote anayemwandikia mtu aliyemsaidia.

Si shukrani zote zilikuwa za aina hiyo. Padre J. M. van der Burgt, Mholanzi, mmoja wa waliofanya kazi Burundi katika miaka hiyo ya mwanzo, alipeleka kwao kitu kizito zaidi ya barua. Mwaka 1903 kamusi yake ya Kifaransa na Kirundi ilichapishwa huko Uholanzi, ikiwa na maana kwa ufupi za Kiswahili na Kijerumani, pamoja na karibu makala 200 kuhusu mila na maisha ya Warundi. Kwa idara kama yetu kitabu hiki kina thamani ya pekee, kwa sababu kinaonyesha jinsi Kiswahili kilivyokuwa kimesimama kando ya Kirundi tangu siku za kwanza za maandishi huko. Hata vifaa vya kuandikia vilipita mlango huo: igitabo na ikaramu za Warundi ni kitabu na kalamu zetu. Ni kweli kwamba kamusi hii nayo ina macho ya mgeni, na baadhi ya maoni yake kuhusu watu yanasomeka leo kwa shida. Lakini neno lililoingizwa katika kamusi limebaki na sauti ya aliyelisema.

Tunarudi kwenye suala la mtu wa kuonyeshwa. Katika karne ya 19 mtu huyo mara nyingi alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani. Jumuiya ya Utoto Mtakatifu, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ilichangisha fedha kutoka kwa watoto wa Kikatoliki ili kuwasaidia watoto wa nchi za mbali, na ilikuwa kawaida mtoaji kupewa nafasi ya kuchagua jina la ubatizo la mtoto. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Mtoto aliyekuwa na jina alilopewa na mama yake alipata jina lingine kutoka kwa familia asiyoijua, na jina hilo likawa ndilo shukrani yenyewe. Lavigerie alipozunguka Ulaya mwaka 1888 kupinga biashara ya utumwa, akihubiri Paris na London, habari kutoka vituo vya Ziwa Tanganyika zilikuwa sehemu ya nguvu ya hotuba zake. Watu walitoa, na watoto wa kweli walipata uhuru. Vyote viwili ni kweli. Lakini kule Rumonge mwaka 1881, ugomvi ulioishia kwa mauaji ulihusu mtoto aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni, ambaye mtu mwingine alidai ni wake. Kwa wafadhili wa Ulaya kukomboa mtoto kulikuwa tendo safi. Huku ukombozi huo huo uliwaingiza mapadre katika madai ya watu, koo na watawala ambayo hakuna jarida lililoweza kuyaeleza katika ukurasa mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunao Zanzibar. Katika shule ya Kiungani, misheni ya UMCA iliwasomesha vijana ambao wengi wao waliokolewa kutoka majahazi ya watumwa. Waliandika habari za maisha yao: walikotekwa, walivyouzwa, walivyovuka bahari. A. C. Madan, ambaye sote tunamfahamu kwa kamusi zake, alitafsiri maandishi hayo na kuyachapisha London mwaka 1887 yakiitwa Kiungani. Wafadhili wa Uingereza wakawasoma kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata, 1888, shule hiyo hiyo ikaanza kutoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, ambamo vijana wa Kiungani na wenzao waliokwisha kupelekwa vituo vya bara walipashana habari. Ukiviweka viwili hivi pamoja, unaona sauti mbili za watu wale wale. Kwa mfadhili kijana ni mtumwa aliyeokolewa, na hadithi yake inaishia siku ya kuokolewa. Kwa mwenzake ni mwalimu anayeuliza nani kaoa, nani kahamishwa, nani mgonjwa. Kwa maoni yetu hakuna somo la historia ya fasihi ya Kiswahili linalokamilika bila kulisoma gazeti hilo.

Waprotestanti waliingia eneo la Gitega na Muyinga baadaye, wakiwa na njia zao za kuandika. Arthur Chilson wa Kanisa la Marafiki, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, alifika Burundi akiwa mtu mzima na mwaka 1934 akaanzisha kituo cha Kibimba, karibu na Gitega. Waliomtuma walikuwa makanisa ya Kansas. Alifariki mwaka 1939, na mwaka 1943 mkewe Edna akawaandikia waliowategemeza kitabu kizima cha maisha yake.

Mwaka 1935 misheni ya CMS ya Rwanda ilifungua vituo vya Matana, kusini, na Buhiga, katika barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga. Misheni hii inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwani ilizaliwa na barua. Madaktari wawili, Stanley Smith na Sharp, walipofika Kabale mwaka 1921, CMS haikuwa na fedha za kufungua uwanja mpya, hivyo gharama ilibidi zibebwe na marafiki zao. Mwaka huo huo likaanza jarida dogo, Ruanda Notes. Bila jarida pasingekuwa na dawa wala mishahara. Katika hospitali za CMS ilikuwa kawaida pia kanisa la Uingereza kugharimia kitanda kimoja kwa mwaka, na mwuguzi au daktari akaandika habari za aliyelala juu yake. Baada ya uamsho uliotokea Gahini katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Burundi, habari zilizotakiwa zaidi zikawa shuhuda: nani ametubu, amekiri nini, amerudisha kitu gani alichoiba. Toba iliyotolewa mbele ya ndugu chini ya mti ilisomwa baada ya miezi michache mezani Uingereza. Pengine mwenyewe angefurahi. Ila sharti aulizwe kwanza, na katika majarida ya namna hii ruhusa haitajwi.

Kisha kuna yale yasiyoandikwa. Mwaka 1972, mauaji yalipoanza mwishoni mwa Aprili, Wahutu waliosoma waliuawa kwa maelfu, wakiwemo walimu, wanafunzi na mapadre. Padre Michel Kayoya, mwandishi, aliuawa Gitega mwezi Mei. Mmisionari aliyekuwa amezoea kuandika majina ya watu wake ili waombewe alijikuta jina lililoandikwa laweza kumwua mtu. Chini ya Rais Bagaza, katika miaka ya mwisho ya 1970 na hadi alipopinduliwa mwaka 1987, mamia ya wamisionari wa kigeni walilazimika kuondoka nchini. Waliobaki waliandika kwa tahadhari kubwa: hali ya hewa, mavuno, "tunawashukuru kwa sala zenu". Mwanahistoria anayesoma barua kama hizo akadhani kwamba mambo yalikuwa shwari atakuwa hakuelewa alichokisoma.

Makanisa yenyewe yalibadilika. Jimbo Katoliki la Muyinga liliundwa mwaka 1968, na Waanglikana nao wana dayosisi yao hapo. Anayeandika barua ya shukrani leo mara nyingi ni Mrundi, katibu wa parokia au wa dayosisi, kwa Kifaransa au Kiingereza, na anayeipokea anataka picha. Kazi yake ni ngumu kuliko ya padre wa Muyaga. Padre aliandika habari za watu ambao hawangemsoma kamwe. Katibu anaandika habari za jirani yake, mwenye simu, ambaye kesho watakutana sokoni.

Zile barua za zamani ziko mbali. Nyaraka za Mapadre Weupe zimehifadhiwa Roma, za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA ziko Oxford. Mwanafunzi wa Muyinga anayetaka kujua babu yake aliandikwaje katika jarida la Trier au London anahitaji viza, nauli, na Kijerumani au Kiingereza cha karne iliyopita. Sehemu ya majarida hayo imeshaingizwa katika mtandao wa intaneti, na hapo kuna kazi ambayo wanafunzi wetu wanaweza kuianza bila kusubiri nauli: kuyasoma, kuyaorodhesha majina ya watu na ya vilima yaliyomo, na kuyatafsiri kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi mjini Muyinga wanaisoma.