Tarehe ya Michael Coleman, Mpiga Fidla wa Killavil

Michael Coleman alizaliwa tarehe 31 Januari 1891 huko Knockgrania, jirani na Killavil, kusini mwa kaunti ya Sligo, Ireland. Baba yake, James, alikuwa mkulima mdogo na mpiga filimbi, na nyumba yake ilijaa watu usiku hata majirani wakaiita ukumbi wa muziki wa Jamesy. Hakuna mpiga ala aliyeipita barabara ile asikaribishwe ndani. Johnny Gorman wa Roscommon, mpiga zumari la mfuko aliyezunguka nchi nzima bila makao, alikuwa akifikia hapo, na mtoto Michael akimsikiliza. Mwalimu wake wa fidla alikuwa Philip O'Beirne wa Bellanalack. Jina hilo la O'Beirne lishikwe vizuri, maana litarudi.

Naandika kwa sababu ubishi haujaisha. Wako wanaosema kiti cha fidla ya Sligo ni cha James Morrison wa Riverstown, aliyefika Marekani mwaka 1915, akafundisha wengi, akaitwa Profesa na kufariki 1947. Wako wanaomtaja Paddy Killoran wa Ballymote, aliyeongoza bendi za dansi New York. Wote wawili ni wana halali wa Sligo. Lakini kiti ni cha Coleman, na yafuatayo yataonyesha kwa nini.

Ujanani alikuwa mcheza ngoma za miguu kabla hajajulikana kwa fidla, na watu wa fani hii husema hiyo ndiyo siri ya mkono wake: mtu aliyecheza rili, ile ngoma ya mwendo wa kasi, kwa nyayo zake hawezi kuipiga ikalala. Alishindana Sligo mwaka 1909, kisha 1910, na hakutoka wa kwanza. Waamuzi wa siku zile waliwapa tuzo watu ambao leo hawatajwi.

Hapa lazima niseme habari ya Jim. Wazee wa Killavil hawakuchoka kusimulia kwamba Jim, kaka yake Michael, ndiye aliyekuwa bingwa wa nyumba ile, na kwamba Michael mwenyewe alikiri hivyo hadi mwisho. Wanasimulia kuwa Jim alipopiga fidla usiku mtu hakuweza kusogea kitini. Sina sababu ya kuwapinga, kwa kuwa wao ndio waliowasikia wote wawili. Ila Jim alibaki Ireland na hakurekodi hata wimbo mmoja. Ufundi wake ulizikwa naye, na wa mdogo wake ukazunguka dunia. Wanaomtumia Jim kumshusha Michael wanasahau kwamba wanamsifu mwalimu mwingine wa Michael, aliyekaa naye chini ya dari moja.

Mwaka 1914 Michael alivuka kwanza kwenda Manchester, kisha mwezi Oktoba akapanda meli ya Marekani. Alianzia Lowell, Massachusetts, kwa ndugu. Akaingia kwenye maonyesho ya mseto ya kumbi za kampuni ya Keith, akizunguka mji hadi mji, akipiga fidla huku akicheza. Mwaka 1917 alihamia New York, na mwaka huohuo akamwoa Mary Fanning wa Monaghan. Walijaliwa binti mmoja.

Kabla ya kuendelea, nisimulie ajabu iliyomfungulia njia. Mwanamke wa Kiayalandi, Ellen O'Byrne DeWitt, alikuwa na duka Third Avenue, na wateja wake walimwomba sahani za muziki wa kwao, ambazo hazikuwapo. Akaenda kampuni ya Columbia. Wakamjibu: tutarekodi, mradi wewe ununue nakala 500. Akakubali. Kijana wake akatumwa kuwatafuta wapiga ala, akawaleta Herborn na kodiani yake na Wheeler na banjo yake. Hiyo ilikuwa 1916. Nakala zote 500 zikaisha, na wakubwa wa kampuni wakatambua ghafla kwamba mayaya, wapishi, wajenzi na makondakta wa Kiayalandi wa New York na Boston wana pesa na wana hamu. Kama si mama yule kukubali kununua nakala zile, sijui kizazi kile kizima kingesikika wapi.

Coleman aliingia studio mwaka 1921. Kuanzia hapo hadi 1936 alirekodi pande 80 hivi, kwa kampuni za Shannon, Vocalion, Columbia, Victor, Decca na wengine. Upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 kwa dakika hauzidi sana dakika tatu. Ndani ya dakika hizo alipanga rili mbili au tatu mfululizo bila kupumua katikati, na mpangilio wake ukawa sheria. Mwaka 1934 aliunganisha Tarbolton, ambayo asili yake ni Uskoti, na The Longford Collector na The Sailor's Bonnet. Hadi leo, katika baa yoyote yenye wapiga ala wa Kiayalandi, mtu akianza Tarbolton wengine hawaulizi ipi inafuata.

Sikiliza anavyofanya. Hachukui noti ndefu akaiacha ilivyo. Anaizungusha: anaishika, anaigusa ya juu yake, anairudia, anaigusa ya chini, anairudia tena, na yote hayo ndani ya muda wa noti ileile moja, bila mdundo kuyumba. Upinde wake hausagi, unaunganisha noti nyingi kwa mvuto mmoja, halafu pasipotarajiwa unakata tatu za haraka. Na akirudia kipande, hakirudii kama kilivyokuwa. Kwenye rili ya Bonnie Kate kila mzunguko una mapambo mapya, na bado mcheza ngoma hawezi kupotea.

Kinachoniuma ni piano. Kampuni ziliwaajiri wapiga piano waliokuwa karibu, na wengi wao hawakuujua muziki ule. Mara nyingi fidla iko ufunguo huu na piano iko mwingine, na mkono wa kushoto wa piano unabisha tu hadi sahani iishe. Coleman hakusimama wala hakupunguza kasi. Alipata afueni Michael Andrews alipomsindikiza kwa gitaa.

Sahani hizo zilirudi Ireland ndani ya masanduku na vifurushi, pamoja na dola za Krismasi. Nyumba iliyokuwa na gramafoni iligeuka shule ya kijiji. Wazee wa Sligo, Galway na Clare husimulia jinsi watu walivyoizunguka mashine ile, wakarudisha sindano mwanzo mara nyingi hadi mtu mmoja anase kipande. Husimulia pia kwamba wako waliotundika fidla zao ukutani baada ya kumsikia, wakisema hawana la kuongeza.

Hiyo ndiyo lawama wanayomtupia wataalamu: kwamba sahani za New York ziliua mitindo ya Donegal, Kerry na kwingineko, kila mtu akataka kupiga kama Coleman. Naikataa. Yeye hakumlazimisha mtu. Alipiga alivyofundishwa na O'Beirne na kwa Jamesy. Ireland ya miaka ile vijana waliukimbia muziki wa wazazi wao kama alama ya ufukara. Waliposikia rili ya kijijini kwao ikitoka Marekani kwenye sahani yenye lebo nzuri, waliiheshimu. Hugh Gillespie mwenyewe alikuwa wa Donegal. Alifika New York mwaka 1928, akakaa karibu na Coleman, wakapiga pamoja redioni, kisha akarekodi sahani zake, na hakuna aliyesema Donegal imekufa kwa ajili yake.

Mporomoko wa uchumi wa 1929 uliibomoa biashara ya sahani. Coleman aliishi kwa kumbi za dansi, redio na wanafunzi. Alifariki tarehe 4 Januari 1945, akazikwa makaburi ya St. Raymond, Bronx. Hakurudi Killavil.

Nasaba yake haikukatika. Lad O'Beirne, mtoto wa yule Philip wa Bellanalack, alikuwa rafiki yake New York, na mkononi mwake alipita Andy McGann, mzaliwa wa New York, aliyemsikia Coleman angali mtoto. Miaka ya 1960 McGann, pamoja na Joe Burke wa kodiani na Felix Dolan wa piano, walitoa sahani nzima ya kumuenzi. Mwaka 1974 watu wa kwao walimjengea mnara kando ya barabara, karibu na alipozaliwa, wakamwandika mkombozi wa muziki wa asili wa Ireland.

Anayebisha bado asinijibu kwa maneno. Atafute Bonnie Kate ya Coleman, aiweke pamoja na rili yoyote ya Morrison au Killoran aipendayo, azisikilize zote hadi mwisho, ndipo atoe hukumu yake.