Mjuzi au Mtoa Taarifa? Uzoefu wa Maisha kama Maarifa katika Uandishi wa Historia ya Mara

Mwigobero ni kata ya mjini Musoma iliyo kando ya Ziwa Victoria. Soko na mwalo vimekaribiana. Wavuvi, wachuuzi wa dagaa na abiria wa kwenda Kinesi, ng'ambo ya ghuba, hupishana hapo. Wajita, Wakwaya, Wakurya, Wajaluo na Wakerewe hufanya biashara pamoja. Mtafiti atakaye kuandika historia ya mahali kama hapa hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: amuulize nani?

Swali hilo lina historia yake katika taaluma nchini Tanzania. Nyaraka za kikoloni ziliandikwa kwa haja za watawala, yaani kodi, kazi na mipaka, na kwa muda mrefu ndizo zilizohesabiwa kuwa ushahidi. Katika miaka ya 1960 wanahistoria wa Dar es Salaam waliupinga msimamo huo kwa vitendo. Mwaka 1968 wanafunzi walikwenda kuwahoji wazee katika maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Isaria Kimambo naye aliijenga historia ya kisiasa ya Wapare, iliyochapishwa 1969, juu ya masimulizi ya Wapare wenyewe. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Hata hivyo, mgawanyo wa kazi haukubadilika sana: mzee alisimulia, mwanazuoni akafasiri. Kwa kawaida jina la mmoja liliingia katika kiambatisho na la mwingine likakaa juu ya jalada.

Mkoa wa Mara ulitoa mfano wa namna nyingine. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alihariri kitabu Telling Our Own Stories, ambacho kimekusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini, zikiwamo za Waikizu na Wasizaki. Mwaka 2010 kampuni ya Mkuki na Nyota ilichapisha kazi ya Zedekia Oloo Siso kuhusu uhamaji wa Wajaluo na Wabantu kuelekea Mara Kaskazini. Katika kazi hizi mwenyeji hatoi taarifa tu. Huchagua, hupanga na hutetea hoja, na kwa hiyo anaweza pia kukosolewa kama mwandishi mwingine yeyote. Kumkosoa mtu ni sehemu ya kumheshimu kama mjuzi, jambo ambalo tasnifu nyingi zinazosifu "sauti za wenyeji" hulisahau.

Lakini waandishi hao walikuwa wanaume, na masimulizi yao hushughulika zaidi na asili ya kabila, koo na uhamaji. Neno "historia" lenyewe lilikwisha kueleweka kuwa mali ya wazee wa kiume. Shetler, ambaye utafiti wake wa awali ulitegemea zaidi wazee hao, alilirejea tatizo hili, na katika Claiming Civic Virtue (2019) alionyesha kwamba wanawake wa Mara hutunza kumbukumbu za aina nyingine: nani aliolewa wapi, nani ni rafiki wa nani, nyumba ipi humpokea mgeni wakati wa njaa. Kumbukumbu hizo huvuka mipaka ya makabila ambayo masimulizi ya wanaume huichora.

Tofauti hii ina uzito katika Mwigobero. Mwanafunzi akifika na dodoso linalouliza "chimbuko la kabila lako", mchuuzi wa dagaa aliyeuza na kukopesha kwa miaka mingi ataonekana hajui kitu, ataelekezwa kwa mzee fulani, na tasnifu itarekodi makabila matano yanayoishi bega kwa bega bila kueleza yanavyoishi pamoja. Akiulizwa alijifunzaje kumwamini mtu wa lugha nyingine hata akampa mzigo bila fedha mkononi, mchuuzi huyo huyo anatoa maelezo yanayoweza kulinganishwa na ya mkopaji wake wa Kinesi, kisha na kumbukumbu za soko. Dodoso hilo, kwa kawaida, huandikwa na kuidhinishwa chuoni kabla mwanafunzi hajafika mwaloni.