Tangi la Samaki la Kioo: Unene na Mikanda

Tangi la samaki la kioo, ambalo wafugaji huliita pia akwariamu, ni chombo cha vioo vitano vilivyoshikanishwa kwa silikoni: kimoja cha chini, viwili virefu vya mbele na nyuma, na viwili vifupi vya ubavuni. Usalama wake nyumbani hutegemea unene wa vioo hivyo na jinsi kingo za juu zilivyofungwa zisitanuke. Yote mawili huamuliwa kwanza na kimo cha maji. Wanunuzi wengi huuliza tangi linachukua lita ngapi, na fundi hujibu kwa lita, ilhali kioo hakijui lita.

Kaunti ya Taita Taveta inalithibitisha jambo hili kwa maji yake yenyewe. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Ni mvua ya milima ya Chyulu iliyochujwa na miamba ya volkeno. Bomba lililokamilika mwaka 1957 hupeleka sehemu ya maji hayo Mombasa, na Voi nayo hunywa humo. Kwenye bwawa mojawapo kuna chumba kilichozamishwa, chenye madirisha ya kioo, ambamo mgeni hushuka akawatazama samaki wakiogelea upande wa pili. Hilo ni tangi lililogeuzwa, watu ndani na samaki nje. Kioo chake hakibebi mamilioni ya lita yanayopita kila siku. Kinabeba kina cha maji yaliyokigusa, basi. Ndivyo ilivyo pia kwa maziwa mawili ya mpakani na Tanzania. Jipe ni pana, kilomita za mraba 30 hivi, lakini kina chake ni mita chache tu. Chala ni ziwa dogo la kreta lenye kina cha mita 90 hivi. Zamisha kipande cha kioo sentimita 50 chini ya uso wa Jipe, kisha fanya hivyo hivyo Chala: msukumo ni uleule, gramu 50 kwa kila sentimita ya mraba. Tofauti huanza pale unapoendelea kushuka. Jipe utagota matope upesi. Sakafuni mwa Chala, msukumo wa maji hufika kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba.

Sebuleni hesabu ni ndogo ila haidharauliki. Tangi la urefu wa sentimita 120 lililojazwa maji hadi kimo cha sentimita 50 husukuma kioo chake cha mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150, na kitovu cha nguvu hiyo kiko theluthi moja ya kimo kutoka chini. Ukilipanua kwenda nyuma, lita zitaongezeka na kioo cha mbele hakitahisi lolote. Ukiongeza kimo kwa sentimita 10 tu, nguvu hupanda hadi kilo 216 hivi. Kwa hiyo anayetaka maji mengi kwa gharama nafuu atengeneze tangi pana na fupi. Samaki wengi wa nyumbani watafurahia zaidi upana huo, maana uso mkubwa wa maji huingiza hewa zaidi.

Kanuni ya unene inayotumiwa sana na watengenezaji wadogo huchukua nguvu ya kioo cha kawaida kuwa nyutoni 19.2 kwa milimita ya mraba, kisha huigawanya kwa 3.8 ili kuacha nafasi ya usalama. Kwa tangi lenye kimo cha sentimita 30 na urefu wa 60, kanuni inadai milimita 4.1, kwa hiyo hutumika kioo cha 5 au 6. Kimo cha 40 na urefu wa 100 kinadai milimita 6.7, yaani kioo cha 8. Kimo cha 50 na urefu wa 120 kinadai 9.3, hapo ni kioo cha 10. Kimo cha 60 na urefu wa 150 kinadai 12.2, kioo cha 12 hakitoshi, na cha 15 ndicho kinachofaa. Jibu la kanuni hupandishwa daima hadi unene unaouzwa, halishushwi hata kwa sehemu ya milimita.

Hatari kubwa iko kwenye vioo vya dirisha vilivyobaki baada ya ujenzi, kwa kuwa ni vya bure na vinavutia. Ukiviweka vya milimita 5 kwenye tangi lile la kimo cha 50, nafasi ya usalama hushuka kutoka 3.8 hadi takriban 1.1. Vya milimita 4 huvuka mpaka kabisa. Tangi kama hilo linaweza kusimama wiki nzima bila tone, na mwenyewe akatulia. Lakini kioo kinachovutwa huku kikiwa na unyevu huendelea kupasuka polepole kuanzia kwenye mikwaruzo na kingo zilizomeguka, hadi siku ufa unapofikia ukubwa wa kujiendesha wenyewe. Ndiyo sababu kingo husagwa kwa jiwe la kunolea lenye maji kabla ya kuunganisha, na kioo chenye mkwaruzo mrefu hakitumiki kwa ukuta hata kikiwa kinene. Kioo kilichokazwa kwa moto kina nguvu zaidi, ila hakikatwi tena na kikivunjika husambaratika chote kwa mara moja.

Mikanda ni vipande vya kioo vinavyobandikwa juu. Ya kwanza hulala kwa urefu kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma, upana wa sentimita 5 hadi 8, unene sawa na kuta, na huzuia kioo kirefu kisifure katikati. Ya pili hukingama kutoka mbele hadi nyuma ikizifunga kuta mbili pamoja. Tangi lenye urefu wa zaidi ya mita moja huhitaji angalau mmoja, katikati. Kipande cha kukingama hukaa katika mvutano wakati wote, kwa hiyo ncha zake zilazwe juu ya mikanda mirefu kwa eneo la kutosha la silikoni. Kugusisha ukingo mwembamba tu hakutoshi. Mkanda haupunguzi unene unaodaiwa na kanuni. Mafundi wanaouza kioo cha 6 kwa tangi la kimo cha 50 kwa hoja kwamba lina mkanda wanauza nafasi ya usalama ya mteja, wala hawamwambii.

Silikoni ifaayo ni ile ya asetiki yenye harufu ya siki, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni huwa na dawa hiyo na inaweza kuua samaki. Viungo huachwa vikauke siku kadhaa.

Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 lina maji ya kilo 300 na vioo vya karibu kilo 57, kabla ya mchanga na mawe. Stendi ya chuma kutoka kwa mchomeleaji wa Voi hulibeba vizuri iwapo imepimwa kwa pima maji huku na huku, kwani mguu mmoja ukiwa mfupi kioo cha chini hupindwa. Wundanyi, kwenye nyumba za mteremkoni, kipimo hiki kirudiwe baada ya tangi kujaa. Chini ya tangi lisilo na fremu hutandazwa foamu nyembamba imeze chembe za mchanga, sababu ya kawaida ya nyufa za chini. Ujazaji wa kwanza hufanyika nje, kwa hatua, robo baada ya robo. Kiungo kikitoa jasho la maji, tangi humwagwa mara moja, na silikoni yote ya kiungo hicho huondolewa kwa wembe hadi kioo kitupu, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ile iliyokwisha kukauka.