Sarafu za Fedha za Thrace ya Kale

Thrace ilikuwa kaskazini mwa Bahari ya Aegean, katika eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Bulgaria, Ugiriki na Uturuki. Wenyeji wake waliishi kwa makabila mengi, na utajiri wao mkubwa ulilala ardhini: mlima Pangaion na vilima vya jirani, karibu na mto Strymon, vilikuwa na migodi ya fedha na dhahabu. Historia ya sarafu za nchi hiyo ni historia ya kugombea migodi.

Sarafu za kwanza zilianza kufuliwa mwishoni mwa karne ya 6 KK na makabila ya mpakani mwa Thrace na Makedonia, kama vile Derrones, Bisaltae na Edones. Fundi alikiweka kipande cha fedha juu ya muhuri uliochongwa na kushikizwa kwenye fuawe, kisha akakigonga kwa nyundo kupitia muhuri wa pili. Upande mmoja ulitokeza picha. Wa pili mara nyingi ulibaki na alama ya mraba iliyodidimia. Sarafu ya Getas, mfalme wa Edones, inamwonyesha mwanamume akiwaongoza ng'ombe wawili, na maandishi ya Kigiriki yanamtaja mfalme huyo kwa jina.

Sarafu hizo zilikuwa nzito mno kwa manunuzi ya sokoni. Za drakma nane (drakma ni kipimo cha fedha cha Wagiriki) zilikaribia gramu 29, na kubwa zaidi za Derrones zilifikia takriban gramu 40. Nyingi zilivuka bahari. Katika hazina ya sarafu zipatazo 900 iliyogunduliwa Asyut, Misri, mwaka 1969, zimo pia za makabila haya. Makabila hayo yalipokuwa yakifua sarafu, Waajemi walikuwa wameitiisha sehemu kubwa ya pwani ya Thrace, tangu mfalme wao Dario wa Kwanza alipovuka kuingia Ulaya mnamo 513 KK.

Waajemi walipoondoka baada ya 479 KK, wengine waliinyemelea fedha hiyo. Alexander wa Kwanza wa Makedonia aliteka mgodi ambao, kwa maelezo ya mwanahistoria Mgiriki Herodotus, ulimpatia talanta moja ya fedha (kipimo kikubwa cha uzito) kwa siku. Kisiwa cha Thasos, chenye migodi yake bara, kiliiasi Athens mwaka 465 KK kwa kugombea migodi na masoko hayo, kikashindwa. Sarafu za makabila zikatoweka.

Ndani ya nchi uliinuka ufalme wa Odrysae. Mwanahistoria Mgiriki Thucydides anaeleza kuwa chini ya mfalme Seuthes wa Kwanza ushuru wake ulifikia thamani ya talanta 400 za dhahabu na fedha. Sparadokos, mmoja wa watu wa ukoo wa kifalme, alitoa sarafu za fedha zenye picha ya mpanda farasi.

Mwaka 356 KK Philip wa Pili wa Makedonia aliutwaa mji wa Krenides, akauita Philippi, na migodi ikagharimia majeshi yake. Baada ya kifo cha mwanawe, Alexander Mkuu, Thrace iliangukia mikononi mwa jenerali wake Lysimachus, ambaye sarafu zake zilimwonyesha Alexander akiwa na pembe za kondoo dume, ishara ya mungu Amoni.

Katika karne ya 2 na ya 1 KK, Thasos na mji wa pwani wa Maroneia zilitoa sarafu pana zenye kichwa cha Dionysos, mungu wa mvinyo. Za Thasos ziliigwa sana na Wathrace wenyewe. Mwaka 46 BK Roma iliifanya Thrace kuwa jimbo lake, na ufalme wa mwisho wa Wathrace ukakoma.